Simtanki la lita 2,000: maji yanaanza kahawia, chini kuna tope jeusi. Nianzie wapi?

Mkazi_Tabata

Habari zenu wakuu. Nyumba ina simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 4. Linajazwa na bomba linalotoka mara mbili kwa wiki, usiku. Dakika za mwanzo maji yanakuja kahawia, baadaye yanatakata. Chini ya tanki kuna tope jeusi laini, na bomba la jikoni likifunguliwa asubuhi linatoa uvundo. Bomba la nje, kabla ya tanki, maji yananukia dawa. Jikoni hayanukii kabisa. Mfuniko wa tanki umepasuka. Karo la choo liko kama mita 6 kutoka bomba linapopita ardhini. Kuna mtoto wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo.

Maswali ni matatu. Uchafu unaingilia nje au ndani? Tanki linasafishwaje sawasawa, na dawa kiasi gani? Na jirani ana kisima anachouza maji: siku bomba halitoki, yanafaa kunywa?

FundiBomba_Ilala

Mkuu, jibu la kwanza umeshaliandika mwenyewe: nje dawa inanukia, jikoni hainukii. Dawa hiyo ni klorini, nayo inaliwa njiani, na mlaji mkubwa ni lile tope na utelezi wa kuta za tanki. Ila usitegemee pua. Nunua kipimo cha klorini cha mabwawa ya kuogelea, lakini angalia rangi yake. Kinachogeuka njano kinapima klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kufungwa na uchafu na isiyo na nguvu tena. Unachokitaka ni cha DPD namba 1, kinachogeuka waridi, kwa sababu kinapima klorini huru. Jikoni isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ukipata 0.5 nje na sifuri jikoni, umeshamjua mkosaji.

Kuhusu ule ukahawia wa mwanzo. Maji mengi ya Dar yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu yenye lita milioni 196. Kule yanatulizwa kwa shabu, yanachujwa, yanatiwa klorini. Kutoka mtamboni hadi kwako ni mwendo mrefu, na bomba la mtaani likikaa siku mbili tatu bila maji linakuwa tupu. Bomba tupu lenye ufa halivuji kwenda nje, linavuta kuja ndani. Maji ya mtaro na unyevu wa karo vinaingia kupitia kiungo kilicholegea, na usiku presha ikirudi vinasukumwa kwako kwanza, pamoja na kutu iliyobanduka. Kwa hiyo hayo maji ya mwanzo ndiyo mabaya kuliko yote, na kwa sasa yanakwenda moja kwa moja kwenye tanki.

Rekebisha hivi. Kabla ya bomba la kupandisha maji juu, weka tii ya nusu inchi na koki ya kumwagia. Maji yakianza kutoka, funga njia ya tanki, fungua hiyo koki, jaza ndoo za kudeki na za chooni. Kila baada ya dakika chache kinga kwenye glasi, iweke juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi dakika 10 hadi 15 zinatosha. Yakitakata na dawa ikanukia, geuza yaende tankini. Baada ya mita funga na nonritani, valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ili tanki lako lisirudishe maji mtaani presha ikishuka.

Kisha kagua kipande kinachopita karibu na karo. Maji yakiwa yanatoka, funga mabomba yote ya ndani pamoja na boya la tanki, halafu tazama kale kanyota kekundu kwenye mita. Kakizunguka hata polepole, kuna uvujaji kati ya mita na nyumba. Palipovuja maji safi ndipo patakapovuta maji machafu bomba likikauka. Kwa mita 6 na karo usifukie kiungo chochote hapo. Pitisha kipande kimoja kizima cha bomba, kiwe juu ya usawa wa karo, na vifundo vyote vibaki nje ya eneo hilo.

Na kama kuna pampu inayovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, iondoe leo. Pampu ile inanyonya na tope la mtaro kupitia nyufa zote za jirani zako. Pampu ivute kutoka kwenye tanki la chini, si kwenye bomba.

AfyaMazingira

Nakubaliana na fundi. Niongeze usafishaji wa tanki, kwa sababu hapo ndipo wengi wanamimina jiki mle mle kwenye tope na kuona wamemaliza. Klorini ikikutana na tope inakwisha kabla haijagusa kijidudu. Kusugua kwanza, dawa baadaye.

Punguza maji hadi yabaki kama sentimita 10. Tanki nyingi bomba la kutolea limewekwa juu kidogo ya sakafu kwa makusudi, ili tope lisishuke jikoni, kwa hiyo hayo ya mwisho hayatoki kwa bomba la kawaida. Kama hakuna tundu la kumwagia tope lenye plagi kule chini, hii ndiyo nafasi ya kuliweka, inchi moja na nusu au zaidi. Sugua kuta kwa brashi ya nailoni yenye mpini mrefu. Usitumie brashi ya waya wala stiliwaya, maana michubuko kwenye plastiki inakuwa kambi ya utelezi unaofuata. Sabuni haihitajiki. Suuza, mwaga, suuza tena mpaka maji ya kumwaga yafanane na ya kuingiza.

Sasa dawa. Klorini ya unga, ile HTH ya asilimia 65 hadi 70, ni gramu 80 kwa kila lita 1,000, yaani gramu 160 kwa tanki lako. Koroga kwenye ndoo ya plastiki: tia unga kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, na uvae glavu na miwani. Acha chokaa itulie, tumia maji ya juu yaliyotakata. Kama una jiki tu, soma lebo. Ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala rangi, inahitajika lita 3 kwa lita 2,000. Zote mbili zinakupa karibu miligramu 50 kwa lita.

Jaza tanki robo, mimina dawa, kisha lijaze lote ili mchanganyiko ujikoroge wenyewe. Zima hita ya maji moto na toa filta kwenye makopo yake. Nenda fungua bomba moja moja, jikoni, bafuni, nje, mpaka kila moja linukie klorini, kisha funga. Hili la mabomba watu wanaliruka, na uvundo wa asubuhi unarudi baada ya wiki, kwa sababu utelezi uliokuwa ndani ya bomba la jikoni haukuguswa. Acha saa 24. Ukiwa na haraka kweli, ongeza dawa mara mbili, acha saa 8. Bandika karatasi kwenye kila bomba ili mtu asinywe.

Maji hayo usiyamwage karoni kwa mkupuo: klorini inaua bakteria wanaoozesha kinyesi, na lita 2,000 kwa pamoja zinatibua tope lote. Usiyapeleke bustanini wala mtaroni. Dekia uwanja na kuta, mengine yaache juani kwenye ndoo wazi. Jua linaipunguza klorini. Kisha jaza upya na mwaga mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 2.

Ile jiki usiikutanishe na dawa ya choo ya tindikali. Hewa inayotoka hapo ni klorini yenyewe, na bafu dogo halina pa kukimbilia.

Mfuniko uliopasuka usiubandike kwa gundi, nunua mwingine. Funga wavu wa mbu kwenye bomba la hewa na kwenye ovaflo. Mbu wa dengue, aina ya Aedes, anapenda maji masafi yaliyotulia, na Dar ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hayako ndani ya maji. Yamegandishwa ukutani juu kidogo ya mstari wa maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Kwa hiyo unaposugua, sugua zaidi ule mkanda wa juu ambapo maji hupanda na kushuka. Ndoo na mapipa ya akiba nayo vivyo hivyo.

FundiBomba_Ilala

Nyongeza kwa wenye matanki ya chini ya ardhi. Usimtume mtu ashuke mara tu mfuniko unapofunguliwa. Fungua usiku mzima, pitisha hewa, aingie akiwa amefungwa kamba na wawili wako juu. Pampu ya petroli isishushwe ndani wala kuwekwa mdomoni mwa tanki. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa inayoua bila harufu ya kumshtua mtu. Aliyeanguka ndani avutwe kwa kamba. Wa pili akishuka kumfuata, mnapoteza wawili.

Maabara_ya_Maji

Nichukue la mtoto na la kisima, maana hayo hayasubiri.

Mtoto wa miezi minne: chemsha maji mpaka yatokote kweli, mapovu makubwa yanayopanda, dakika moja. Unga wa maziwa wenyewe si tasa, hivyo changanya maji yakiwa bado na nyuzi joto zisizopungua 70, yaani usiyaache zaidi ya nusu saa baada ya kuipua. Kisha poza chupa chini ya maji yanayotiririka na umpe. Maji yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda baadaye: yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, usichote kwa kikombe.

Wakubwa wanaweza kutumia klorini badala ya kuni au gesi. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji yaliyotakata, jiki ya asilimia 3.5 ni mililita 1, pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, kila chupa ina chake. Au kidonge kimoja cha miligramu 67. Subiri dakika 30. Maji yenye ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, na dawa iwe mara mbili. Yakiwa bado yana ukungu, chemsha.

Kisima sasa. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakutoi chumvi wala naitreti. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani vinazidi. Na naitreti ndiyo ninayoiogopa hapo, kwa sababu inatoka kwenye makaro na vyoo vya shimo, haina rangi wala ladha, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita inazuia damu kubeba oksijeni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kisima kisichofika mita 30 kutoka shimo la choo kitilie shaka, na mitaa yetu ilivyobanana, umbali huo ni nadra. Mpaka kipimwe, mtoto asipewe, hata yakichemshwa mara tatu.

Mkazi_Tabata

Asanteni sana. Jirani anasema kisima chake kilipimwa na muuza filta kwa kale kakalamu ka TDS, kikasoma 410, akaambiwa kiko salama. Hiyo inatosha?

Maabara_ya_Maji

Haitoshi. Kalamu ya TDS inapima chumvi zilizoyeyuka, basi. Ukitia kijiko cha maji ya choo kwenye ndoo, kalamu haitashtuka. 410 inakuambia maji si ya chumvi, jambo jema kwa eneo lenye visima vingi vilivyoingiliwa na bahari, lakini haisemi lolote juu ya E. coli, bakteria wa kinyesi, na naitreti haiwezi kuitofautisha na chumvi nyingine. Vilevile ukioneshwa zile nondo mbili za umeme zinazogeuza maji kuwa tope la kahawia, ujue unaona chuma cha nondo zenyewe kikiyeyuka. Maji yenye madini yanapitisha umeme, ndiyo maana yanabadilika. Ya filta ya RO, ile inayotoa hata chumvi, hayapitishi, yanabaki meupe.

Mwambie jirani apeleke sampuli maabara ya ubora wa maji na aombe vitu vitatu: E. coli, naitreti, na chumvi. Chupa ya vijidudu aichukue maabara, imetasishwa na ndani ina dawa ya kuzima klorini, hivyo isisuuzwe. Choma mdomo wa bomba kwa kiberiti cha gesi kama ni la chuma, au lifute kwa spiriti kama ni la plastiki. Acha maji yatiririke dakika mbili, kinga bila kugusa mdomo wa chupa, acha nafasi ndogo juu. Weka kwenye kasha la barafu na ifike ndani ya saa 6. E. coli inatakiwa sifuri kwa mililita 100. Apime tena baada ya masika, wakati maji ya ardhini yamepanda na kukutana na mashimo ya vyoo.

Na wewe chukua mbili: bomba la nje na bomba la jikoni, wiki moja baada ya kusafisha tanki. Ya nje ikiwa safi na ya jikoni chafu, rudi kwenye mabomba ya ndani. Zote mbili zikiwa chafu, chimba pale karibu na karo.