Huu Mkataba wa Nairobi unamsaidiaje mvuvi wa kwenye mwamba?

katibu_wa_diko:
Wakuu salaam. Mi ni katibu wa kamati ya diko moja (pale wavuvi wanaposhushia samaki) huku Mkinga, Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, usiku taa za ng'ambo tunaziona. Wiki iliyopita tulipata semina kuhusu Mkataba wa Nairobi, kwamba nchi kumi za upande huu wa Bahari ya Hindi zimekubaliana kutunza bahari na pwani kwa pamoja. Tulisikiliza vizuri mpaka mzee mmoja anayevua kwa madema, ile mitego ya kusuka, akanyoosha mkono akauliza, sasa hizo nchi kumi, juzi kwenye mwamba wetu zilikuwa wapi? Mtaalamu alikosa jibu na mimi pia nilikosa.

Juzi yenyewe ilikuwa hivi. Tulifunga kipande cha mwamba miezi mitatu ili pweza wakue. Walioumia zaidi ni akina mama wachokoaji maana wao hawana chombo, maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali kabisa, yakitoka wanatembea kwa miguu na mchokoo (fimbo ya kuchokolea pweza shimoni) na kikapu, na miezi yote hiyo walipita pembeni ya maboya bila kukanyaga ndani. Zimebaki siku nne tufungue, alfajiri tunakuta boti mbili za mashine zimetia nanga juu ya mwamba, watu wanazamia, walivyotuona wakang'oa nanga wakakata kaskazini. Tulipozama kuangalia, mashimo yamefukuliwa, matumbawe yamepinduliwa chini juu, na kwenye shimo moja mayai ya pweza yananing'inia kama vishada vya mchele na mama yake hayupo. Mama mmoja alikaa mchangani akalia kabisa.

Nauliza kwa nia njema, huo ushirikiano wa kikanda unanipa mimi nguvu gani? Nishtaki wapi?

mikondo_na_mawimbi:
Pole sana mkuu. Nimesomea mambo ya bahari kwa hiyo nijibu ninachokijua. Mkataba ulisainiwa 1985, ukafanyiwa marekebisho 2010, sekretarieti yake iko chini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Nairobi. Wanachama ni Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska, Komoro, Morisi, Shelisheli, pamoja na Ufaransa kwa sababu ya visiwa vyake kama Réunion. Hauna boti ya doria wala askari, unachofanya ni kuzifunga serikali, kisha kila serikali inatakiwa itunge sheria zake nyumbani na kuzisimamia. Kwa hiyo wewe kama katibu huwezi kwenda Nairobi kushtaki boti, ila unaweza kuibana serikali yako kwa kile ilichosaini, na kuna itifaki ya 1985 ya maeneo ya hifadhi inayozitaka nchi jirani zishauriane pale hifadhi inapokaa karibu na mpaka. Hiyo inakuhusu moja kwa moja.

Alafu kuna kitu nadhani semina nyingi hawakisemi. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima na wakati wa upepo wa kusi ndo unakimbia zaidi. Yale mayai uliyoyaona, yangeanguliwa, vitoto vya pweza vinaelea na maji kwanza kabla ya kushuka kwenye mwamba, na maji yanaenda upande wa Kenya. Yaani waliofukua lile shimo wameharibu pweza ambao huenda wangekuja kukulia kwao wenyewe. Jike la pweza likishataga halili tena, linalinda mayai mpaka linakufa, ukilitoa pale umemaliza uzao wote wa shimo lile.

mama_mikoko:
Kaka katibu pole, nimesoma mpaka moyo umeniuma kwa hao mama zangu. Mimi niko ng'ambo hiyo unayoona taa zake, na sitakwambia hizo boti si za kwetu kwa sababu sijui. Huku wageni wa dago, yaani wavuvi wanaohama na kupiga kambi, wanakuja wengi, upepo wa kaskazi ukianza Wapemba wanafika na vyombo vyao, wengine wanatoka huko huko kwenu, na desturi nzuri ni mgeni afike na barua ya kamati ya kwao ajiandikishe ndo aanze kuvua. Wanaokuja usiku na mashine hawapiti kwa kamati yoyote.

Lakini niulize, wakati mnafunga mwamba mlituambia? Maana sisi hatukusikia kitu. Pweza hata wakiibiwa lazima watue mahali, wapimwe, mtu awanunue. Mngetutumia tarehe tu ya kufunga na kufungua, siku nne kabla anaingia mtu na boti imejaa pweza wakubwa namna ile sisi tungejua wametoka wapi na wachuuzi tungewaambia wasinunue. Hiyo haihitaji waziri.

Na kwenye mikoko tumeona inawezekana, pale Gazi huku Kenya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unauza kaboni, yaani unalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, na pesa zinaingia kwenye maji na shule, Vanga nao wakafuata. Walioanza kutunza ni watu wa kijiji pamoja na wanasayansi.

nahodha_mstaafu:
Mimi nina uchungu na mikataba hii niseme ukweli. Umesainiwa 1985 umeanza kufanya kazi 1996, miaka kumi na moja! Itifaki ya kusaidiana kukiwa na dharura ya uchafuzi wa bahari nayo ni ya 1985 hiyo hiyo, lakini ile meli iitwayo Wakashio ilipopanda mwamba Morisi Julai 2020 na mafuta kama tani 1,000 yakamwagika, waliowahi ni wananchi, walishona vitambaa wakajaza majani ya miwa wakayafunga yaelee yazuie mafuta. Karatasi bila mazoezi ya pamoja bila vifaa bila watu waliokwisha kuonana uso kwa uso haizuii kitu. Naunga mkono alichosema mama hapo juu, madiko yapeane tarehe.

mikondo_na_mawimbi:
Nahodha nakubali kuhusu vifaa, ila mkataba usitupwe wote. Kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kulianza Andavadoaka kule Madagaska 2004, kukafika mpaka kisiwa cha Rodrigues cha Morisi 2012, na huku kwetu pia, na kulienea kwa sababu wavuvi na wataalamu wa nchi hizi walikuwa wanatembeleana na kubadilishana hesabu za mavuno. Tena Madagaska wana kitu kinaitwa dina, ni sheria ya wanakijiji wenyewe lakini mahakama inaitambua, mtu akivunja analipa faini kweli. Katibu, huo mwamba wenu umeandikwa kwenye sheria ndogo za halmashauri au ni makubaliano ya mdomo?

katibu_wa_diko:
Ya mdomo mkuu. Hapo ndo tumeteleza, nimeshamwandikia afisa uvuvi leo leo. Na mama nakiri hatukuwaambia, tulidhani mambo ya mwamba wetu ni yetu.

Nimeongea na kamati, tunaomba tuje kwenu watu wanne, wawili wawe wachokoaji wenyewe. Iwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, maana bamvua hakuna atakayekubali kukosa mwamba. Ila kuna jambo moja, huku pweza chini ya nusu kilo haruhusiwi, huko mnapimaje?

mama_mikoko:
Karibuni sana, maji mafu ndo vizuri hata sisi tutakuwepo wote. Kuhusu uzito njooni na mizani yenu tuiweke pamoja na ya wachuuzi wa huku, maana hiyo nusu kilo nataka tuione kwa macho. Na yule mama aliyelia mchangani, msimwache nyumbani.