Fundi amefomati diski yenye picha za marehemu bibi, kisha ananiambia nipige nyingine

Wakuu, salaam.

Nimetoka Kariakoo sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Jina simtaji, kwa kuwa nyote mnamfahamu: ni yule wa ghorofani mwenye kabati la kioo lililojaa mabodi yasiyo na wenyewe, anayemwita kila mteja "bosi" mpaka siku mteja anapodai mali yake.

Kompyuta yetu ya nyumbani ilianza kuwaka kwa muda wa kuivisha maharage, na ndani yake diski ikawa inagonga tak, tak, tak. Nilimweleza fundi, nikarudia, kwamba Windows siitaki na mashine yenyewe anaweza kuifanya kigoda, ila aitoe diski, aokoe picha za marehemu bibi, na mengine yote ayaache. Akaitikia huku anatafuna muhogo. Leo nafika, ananikabidhi mashine yenye Windows mpya ndani ya diski ileile mgonjwa, anatabasamu, anasema: "Bosi, imepona, tena nimekusafishia." Nikamuuliza picha ziko wapi. Akajibu: "Picha si utapiga nyingine?"

Nipige nyingine! Niende makaburini na kamera, nimwombe bibi ageukie kidogo upande wenye mwanga?

Diski inayogonga haiandikwi kitu. Inanakiliwa yote kwenye diski nyingine iliyo nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia zile mbovu baadaye, kisha faili zinatafutwa ndani ya nakala. Huyu amefomati, na kwenye bili ya shilingi 40,000 akaandika kwa mkono wake kwamba 10,000 ni "za usafi". Usafi! Halafu nipige nyingine.

Mzee wa Bisibisi: Pole sana, mkuu. Je, alifomati kwa ile njia ya haraka au ile ndefu? Kama ni ya haraka, izime mashine sasa hivi, kwa sababu programu ya PhotoRec inaweza kuokota picha zilizoko mahali ambapo Windows mpya haijapaandika. Kama ni ile ndefu, tangu Windows Vista huwa inaandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna cha kuokota.

Mleta uzi: Alisema aliiacha usiku kucha ili itakate vizuri.

Mzee wa Bisibisi: Basi poleni na msiba.

Kisiki: Mleta uzi, bibi alifariki mara moja, wewe ukamweka mahali pamoja tu ili afariki tena. Flashi zinauzwa mpaka kwenye foleni za barabarani, nawe umekuja hapa kutulilia.

Mleta uzi: Kisiki, sikuomba ushauri wa flashi. Ninauliza ni binadamu gani anayemwambia mfiwa apige picha nyingine.

Binti Tandika: Afadhali wako alifomati. Wangu aliifungua diski yenyewe kwa bisibisi, mezani, chini ya pangaboi, ilhali kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Alipomaliza akaipuliza kwa mdomo, kisha akanieleza kwamba "imegoma yenyewe".

Kisiki: Aliipuliza kwa mdomo? Huyo anastahili uzi wake mwenyewe.

Mwana Mbagala: Nyinyi mnalilia picha, wakati mimi samaki wangu wote wameoza. Fundi wa friji alidai gesi imekwisha, akajaza, akalipwa, na haikupita muda gesi ikawa imekwisha tena. Gesi ya friji si ya jikoni kwamba inatumika na kuisha. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja, na hapo ndipo pa kuzibwa kwanza.

Binti Tandika: Wewe alikuachia hata friji. Wa jirani yangu aliondoka na kompresa akisema anakwenda kuipima, na mpaka leo anaipima.

Kisiki: Huyo ninamfahamu! Ana pikipiki nyekundu?

Mleta uzi: Wakuu, uzi huu ni wa diski.

Mwana Mbagala: Mleta uzi, subiri kidogo. Binti Tandika, hiyo pikipiki ina kioo kimoja au viwili?