Kumshangilia mgeni dhidi ya mtani wako: usaliti au haki ya shabiki?

Mnyama wa Tandika: Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Mimi ni shabiki wa Simba wa kuzaliwa, na mtani wangu ni Yanga. Mei 28, 2023 nilikuwa kibanda umiza, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria kwa Mkapa. Mayele aliposawazisha nilinyamaza. Muda si muda Waarabu wakatia la pili. Niliruka hadi benchi likavunjika (nililipa). Jirani yangu akaniambia: "Wewe si Mtanzania."

Neno hilo limenikaa. Yanga ile ilikuwa na kipa wa Mali, mfungaji wa Kongo, Aziz Ki wa Burkina Faso na kocha Nabi wa Tunisia. Nimemsaliti nani hapo? Ikicheza Taifa Stars siulizi nani katoka Jangwani, kwa Yanga. Machi 24, 2019 tulipoipiga Uganda 3-0 tukarudi AFCON baada ya miaka 39, nilikumbatiana na watu wa Yanga ambao hata majina yao siyajui. Klabu si taifa, na asitokee mtu wa kutulazimisha kuimba "wote wetu". Nipingeni.

Mwananchi halisi: Benchi ulilipa, pointi hujalipa. CAF, shirikisho la soka Afrika, hupanga nchi kwa matokeo ya klabu zake ya miaka mitano, na nchi ikipanda hupata nafasi zaidi za timu. Simba mlifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018/19, na msimu uliofuata Tanzania ikapeleka timu nne. Hata KMC, timu ya Kinondoni, wakaonja. Sasa sikia aibu yangu: Yanga tulikuwa wa pili kwenye ligi, tukacheza Ligi ya Mabingwa kwa jasho lenu. Na mimi msimu mzima nilikuwa nawaombea mfungwe! Nilikuwa naukata mkono ulionishikia sahani.

Msomaji wa saikolojia: Hujawa peke yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel, kule Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa miaka 14 na 15 makundi mawili. Waliambiwa kigezo ni nani kapenda michoro ya mchoraji Klee na nani ya mwenzake Kandinsky; kumbe waligawiwa ovyo tu. Hakuna aliyejua mwenzake yuko kundi gani. Wakapewa kazi ya kugawa hela. Wangeweza kuchagua mgao wenye faida kubwa kwa wote, lakini walivutwa na ule uliowaacha wenzao mbali zaidi, hata kama kundi lao lenyewe liliambulia pungufu. Pointi za CAF ndizo hizo hela. Ikiwa michoro ya dakika chache inafanya hayo, sembuse sisi tunaorithishana jezi tangu 1935 na 1936?

Mnyama wa Tandika: Kwa hiyo nimeumbwa hivyo. Kesi imekwisha.

Msomaji wa saikolojia: Haijaisha. Mark Levine na wenzake, Uingereza, waliwapima mashabiki wa Manchester United: mtu anateleza mbele yao na kuumia. Akiwa na jezi ya Liverpool, wengi walimpita. Lakini mashabiki wengine walipotangulia kuzungumzia kupenda mpira kwa jumla, wa Liverpool naye alisaidiwa. Mpaka wa "sisi" unasogezeka.

Mzee wa Pwani: Wanangu, haya tuliyajua kabla ya Bristol. Mimi Mzaramo, watani zangu Wasukuma. Mtani anakuchokoza msibani kwako, anamwigiza marehemu, watu wanacheka na machozi. Kisha huyo huyo anashika jembe la kaburi. Simba na Yanga mnajiita watani, ila mkienda uwanja wa ndege kumpokea mgeni kwa ngoma na kumvalia jezi, mmebaki na uchokozi, jembe mmelitupa.

Mnyama wa Tandika: Hapo umenigusa, mzee, shikamoo. Lakini jembe hushikwa mtu akishakufa. Mimi nataka kumcheka angali hai. Mei 2025 ilikuwa zamu yetu Simba, fainali ya kombe lile lile. Berkane walitupiga 2-0 kwao, tukatoka 1-1 Amaan, Zanzibar, kombe likaenda Morocco. Jirani yule yule alizunguka mtaa mzima na bodaboda akipiga honi. Nikamuuliza, leo wewe ni raia wa wapi? Akajibu: "Berkane, kata ya Tandika." Sikumwita msaliti. Angekaa kimya ningedhani anaumwa.

Mwananchi halisi: Na pointi za fainali hiyo tumezipokea. Asanteni sana, Makolo.