Protini chache, vilele vinapishana Da 44, naombeni ushauri LC-MS

Wakuu habari zenu. Nina sampuli za seli, nazipasua kwa bafa yenye Triton (sabuni ya kupasulia seli), nakata protini ziwe peptidi (vipande vifupi) kwa kimeng'enya cha tripsini halafu napitisha kolamu ya C18 (inashika vitu visivyopenda maji) kuingia kwenye mashine ya LC-MS, ile inayotenganisha molekuli na kupima uzito wake. Protini zinazotambulika ni chache mno, na kwenye spektra kuna vilele vimejipanga foleni, kila kimoja kinampita mwenzake kwa Da 44 (dalton, kipimo cha uzito wa molekuli), vinafunika kila kitu. Nimerefusha gredienti (mabadiliko ya kimiminika kinachozitoa peptidi kwenye kolamu), wapi. Nibadilishe kolamu? Sampuli hizi kuzipata tena ni kazi kweli.

Tripsini_Mkali: Mkuu kolamu iache kwanza. Hiyo 44 ni PEG (polietilini glaikoli, mnyororo wa vipande vya Da 44), na Triton ina mnyororo huohuo, inanyang'anya peptidi zako chaji pale kwenye sprei ndo maana huzioni. C18 haikusaidii hapo, inashika Triton kama inavyoshika peptidi. Safisha KABLA ya kukata: zigandishe protini kwa asetoni baridi, au zinase kwa shanga za sumaku za SP3, osha vizuri ndo uweke tripsini. Sampuli zijazo tumia SDC (sodium deoxycholate, sabuni nyingine), ukishakata unatia asidi inaganda, unazungusha kwenye sentrifuji inabaki chini.

DadaSpektra: Naongezea, kuna watakaokwambia hamia urea, sawa ila usiipashe moto kupita 37°C. Ikipata joto inashikamana na laisini na kuongeza Da 43, na tripsini ikikuta laisini imezibwa haikati hapo.

Bingwa wa Kolamu: Na usiingize sampuli ya thamani leo. Piga blanki (isiyo na sampuli) kadhaa mpaka hiyo foleni iishe maana PEG ni king'ang'anizi, kisha piga standadi ya HeLa iliyokwishakatwa (protini za seli za HeLa, za kupimia mashine). HeLa ikitoa idadi yake ya kawaida basi mashine ni nzima, shida iko kwenye maandalizi. Watu wanahangaika na setingi wiki nzima wakati jibu lingepatikana kwa HeLa moja tu, inaniuma sana.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Sasa zipo zilizokwishakatwa ziko friza na Triton yake humo, ndo zimekufa?

Tripsini_Mkali: Hazijafa mkuu. Zitie asidi, peptidi zipate chaji chanya, pitisha kwenye SCX (kolamu inayonasa vyenye chaji chanya). Peptidi zinanasa, Triton haina chaji, unaiosha kwa asetonitrili yenye asidi inaondoka, halafu unazitoa peptidi kwa amonia. Anza na ile usiyoihitaji sana.

Mleta uzi: Naanza na blanki sasa hivi, HeLa ikitoka naleta mrejesho hapahapa.