Naombeni ushauri: natengeneza tovuti ya wanafunzi kuhusu bahari kupanda, vijana hawakai

Chumbageni_Dev
Wakuu habari za jioni. Mi ni kijana wa Tanga mjini, kazi yangu kutengeneza tovuti, sasa nimejitolea kutengeneza moja ya vijana wa sekondari form one mpaka form four kuhusu kupanda kwa kina cha bahari. Nilichofanya mpaka sasa, ukifungua tu unakutana na picha ya Maziwi pale Pangani, kile kisiwa kilichozama, na maandishi makubwa "BAHARI IMEKULA KISIWA, KESHO ZAMU YENU". Ukishuka kuna ramani ya pwani yote, unavuta kitufe unaona Tanga na Dar zinazama mpaka mita 70, yani barafu yote ya dunia ikiyeyuka. Halafu video ya dubu wa barafu.
Nimempa mdogo wangu wa form two aitazame, kaangalia kidogo karudi zake TikTok. Nini kinapungua hapa? Na kumbukeni wengi wataingia na simu ya mzazi, bando lenyewe la kuungaunga.

TichaJogafia
Hongera mkuu, ila hiyo Maziwi ama uitoe hapo mbele ama uieleze vizuri. Kisiwa kile kilipotea mwishoni mwa miaka ya 70, kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanapanda kutaga, miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika na mawimbi yakamalizia. Leo limebaki fungu la mchanga tu linaloonekana maji yakipwa, watalii wanapelekwa na boti kuogelea. Bahari kupanda huenda kumechangia lakini huwezi kuibebesha kesi yote peke yake, mwanafunzi mmoja tu wa Pangani ambaye babu yake alikuwa anaenda kule akisoma bango lako, tovuti nzima imekufa. Mi ningeigeuza iwe kesi, weka ushahidi wa miti, wa mikondo, wa bahari, halafu uliza nani kaua kisiwa, waache wabishane. Form two wakianza kubishana huwatoi.
Kingine, wanafunzi wangu nusu darasa wanaamini barafu ya Kilimanjaro ndo inajaza bahari 😂 Barafu ile haifiki hata kilomita za mraba 2. Waonyeshe kwa vitendo, glasi mbili za maji, moja barafu inaelea, nyingine barafu imekaa juu ya jiwe lililochomoza nje ya maji, weka alama kwa kalamu usubiri iyeyuke. Ile inayoelea alama haisogei, ya kwenye jiwe maji yanapanda, ndo habari ya Greenland na Antaktika hiyo maana barafu yake imekaa nchi kavu. Na usisahau maji yenyewe kutanuka yakipata joto, watu wanaruka hapo wakati karibu nusu ya ongezeko la kuanzia 1971 hadi 2018 limetokana na hilo. Chupa, mrija, maji ya rangi, ichovye kwenye maji ya moto uone yanavyopanda mrijani. Vitu vya dukani vyote.

MvuviMstaafu
Hizi ni stori za wafadhili. Mimi bahari naijua toka utoto, maji yanajaa yanakupwa, mwezi ukiandama bamvua, yani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, katikati maji mafu, hayasogei sana, basi. Wapi yamepanda? Nionyesheni.

Mpemba_Asili
Mzee wangu shikamoo. Swali lako ndo lilitakiwa liwe ukurasa wa kwanza wa hiyo tovuti wallahi.
Bandarini Unguja bamvua likiwa kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Bahari duniani inapanda kama milimita 4 kwa mwaka, sasa milimita 4 ndani ya mita 4 nani ataziona kwa jicho? Ndo maana kuna kipimo pale bandarini tangu miaka ya 80, na setilaiti zinapima tangu 1993, kutoka hapo wastani wa dunia umepanda kama sentimita 10. Sentimita 10 maji yakiwa yamekupwa hazina maana, unavuka zako. Lakini zinakuja kukaa JUU ya bamvua, na ukipiga upepo siku hiyo ndo unajua. Huku kwetu Pemba kuna mabonde ya mpunga yameingiliwa na maji chumvi, watu wamejenga matuta ya udongo kuzuia, na tuta haliulizi wastani wa mwaka, linauliza maji ya siku ile moja yamefika wapi. Yakipita juu mara moja tu shamba limekwisha, chumvi inabaki ardhini misimu kadhaa, mpunga ukiota unaungua ncha, unakuwa wa njano mpaka unakauka.
Kwa hiyo kijana anza na kujaa na kupwa, kila mtoto wa pwani anakujua. Mchoro wa tuta, bamvua la leo, halafu mtoto aongeze sentimita mwenyewe aone siku ngapi kwa mwaka maji yanavuka. Dubu wa barafu wa nini?

MvuviMstaafu
Marahaba. Hapo kwenye tuta nimekuelewa. Wafadhili bado siwaamini.

kodi_usiku
Upande wa ufundi. Hiyo ramani ya kuzamisha miji kuwa nayo makini bro. Data za bure za mwinuko ambazo wengi tunatumia zilipigwa na rada ya chombo cha anga mwaka 2000, na rada ile mara nyingi inahesabu paa la nyumba na vichwa vya miti kama ardhi. Pale penye mikoko, ramani inakwambia pako juu mita kadhaa kumbe ni tope, bamvua likija panajaa kila mara. Mtoto wa Rufiji ataona kwao pakavu kabisa. Kama lazima ramani iwepo, chora eneo moja unalolijua kwa miguu.
Na ukurasa wako nimeufungua kwa simu ya kawaida, video inajicheza yenyewe, hapo bando la mzazi limeshaenda. Itoe. Michoro fanya ya SVG, ile inayoandikwa kwa kodi na haili bando, picha zibane, fonti tumia za kwenye simu, mbona ukurasa wote utaingia chini ya KB 300 na ukishafunguka mara moja ukae kwenye simu hata bila mtandao.

Kilifi254
Niongezee tu kutoka Kenya, Kipini pale Mto Tana unapoingia baharini, maji yamekula nyumba miaka mingi sasa. Lakini pia mchanga uliokuwa unaletwa na mto, mwingi unanaswa huko juu kwenye mabwawa ya Masinga na wenzake. Ile kesi ya ticha ingefaa hapo pia. Alafu weka Gazi, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wanatunza mikoko na kuuza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayonyonywa na mikoko, tangu 2013, pesa zinaenda kwa maji na shule. Vijana wakiona kuzama tu kila ukurasa wanafunga.

Chumbageni_Dev
Aisee asanteni, nimeshatoa dubu na video 😅 Sasa mita 70 nitoe kabisa au nipunguze?

TichaJogafia
Punguza. Mita 70 ni mambo ya maelfu ya miaka. Ishie mita 1 ambayo ndo makadirio ya juu ya wanasayansi wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, kwa mwaka 2100 tukiendelea kuchoma mafuta bila breki, tukijibana sana ni kama nusu mita au chini ya hapo. Na weka sehemu mtoto aandike mwaka wake wa kuzaliwa aambiwe bahari imepanda kiasi gani toka azaliwe, wa 2011 atapata kama sentimita 5 na kitu, atachukua rula apime ukutani.
Ukimaliza nitumie faili zote kwenye zip, chumba chetu cha kompyuta hakina intaneti, nitazipakia kwa flashi mashine moja moja na nitakuletea majibu ya kesi ya Maziwi.

Mpemba_Asili
Na mchoro wa tuta nitumie kwanza kabla hujapaka rangi, mengi yanachorwa yamesimama wima kama ukuta wa tofali.