Muhula mzima wa Kiingereza juu ya visiwa vya Pasifiki, kidato cha pili. Nnaomba ushauri

mwl_Wete:
Assalaam alaykum walimu wenzangu na nyote mliomo humu. Mie nasomesha Kiingereza sekondari huku Wete, Pemba, kidato cha pili. Muhula wa Julai nnataka kufanya kitu ambacho sijakiona kwetu, yaani badala ya kurukaruka leo barua ya kirafiki, kesho kifungu cha habari cha watu wanateleza kwenye theluji, keshokutwa mazungumzo ya stesheni ya treni, nichukue mada moja tu itubebe mpaka mwisho wa muhula. Mada yenyewe ni watu wa visiwa vya Pasifiki, Samoa, Tonga, Fiji, Hawaii, Wamaori wa Nyuzilandi mpaka vile vidogo vya Tuvalu na Kiribati.

Kwanini huko? Watoto wangu Kiingereza wanakijua kuliko wanavyokitamka, tatizo ukiwapa habari ya theluji hawana la kusema, wananyamaza wanakutizama tu. Sasa wale wenzetu wana minazi, wana mashelisheli, wanalima majimbi, wanasuka mikeka, wana mitumbwi yenye matengo kama ngalawa zetu, na bahari inawala ardhi yao kama inavyotula sie. Hapo mtoto wa Wete anakuwa na la kusema, na mtoto mwenye la kusema atalitafuta neno mwenyewe hata usipompa.

Wasiwasi wangu, kwanza wenzangu ofisini wanasema mtihani wa Baraza la Mitihani hautouliza Samoa. Pili naogopa isije ikawa ngoma na vyakula tu, wiki mbili watoto wamefurahi kisha hamna walichojifunza. Na vitabu vya mambo hayo skuli hatuna, nina simu yangu na spika ndogo basi. Jee mngeanzia wapi?

maalim_Mwera:
Waalaykum salaam mwalimu. Wazo zuri sana na wala usirudi nyuma. Hilo la mtihani jibu lake lipo, mtihani haukuulizi Samoa lakini haukuulizi theluji vile vile, unapima kuandika, kufahamu habari na sarufi, sasa hivyo unaweza kuvifundisha kwa habari yoyote. Chukua silabasi yako, kila stadi itafutie habari ya huko. Andalio la somo lako likisomeka vizuri mkaguzi akija hana la kusema.

Nikupe mfano mmoja mie naupenda. Pasivu voisi (sentensi za kutendwa) inawatesa watoto miaka yote kwasababu tunawapa sentensi za ovyo za panya kaliwa na paka. Sasa Tonga na Samoa wanawake wanatengeneza kitambaa cha magome ya mti, wengi huku nje wanakiita tapa. Gome linabanduliwa, la ndani linatolewa, linarowekwa, linapigwa kwa nyundo za mti mpaka linatanuka jembamba, vipande vinaunganishwa, kisha vinatiwa rangi na michoro. Umeona hapo, kazi nzima imekaa kwenye pasivu wala hujalazimisha. Afu siku ya pili waambie waandike mkeka wa nyumbani kwao unavyotengenezwa, ukindu unakatwa, unaanikwa, unatiwa rangi, unasukwa ukili, ukili unashonwa. Nusu ya darasa lako bibi zao wanafanya kazi hiyo, watarudi nyumbani kuuliza, watakuja na habari hata wewe huzijui. Hapo mwalimu utakuwa unajifunza Kiingereza kinavyofanya kazi kwenye mdomo wa mtoto anaejua anachosema.

Kwa pasti tensi (wakati uliopita) wape safari ya Hokule'a. Mwaka 1976 jahazi hilo la miili miwili, lililoundwa kwa mfano wa ya zamani, lilitoka Hawaii mpaka Tahiti, karibu kilomita 4,000 za bahari tupu, na nahodha wa njia alikuwa Mau Piailug, mzee wa kisiwa kidogo cha Satawal huko Mikronesia, hana dira hana ramani, anasoma nyota, mawimbi na ndege. Kabla ya hapo kuna wataalamu walishikilia kuwa watu wale walifika visiwani mwao kwa kupotea tu baharini, jahazi lile likawajibu. Ni hadithi ya kweli, ina mwanzo na mwisho, watoto wa pwani wataifuata bila kusinzia.

mzazi_Chake:
Mimi si mwalimu ila nina mtoto kidato cha pili (si skuli yako) na nasema ninachokiona. Sipingi watoto kujua dunia. Lakini kwanini tusianze na ya kwetu? Mtoto wa Pemba leo hajui ngoma yetu ya msewe inachezwaje, jahazi la mtepe analisikia tu kuwa lilikuwa linashonwa kwa kamba, kwenye magofu ya Ras Mkumbuu hajafika, halafu tunampeleka Tonga. La pili ile ngoma ya Wamaori ya kutoa ulimi na kujipiga vifua, na zile chale za michoro mwilini, wazazi wengine watakuja skuli kulalamika, na mimi sitowalaumu, mwalimu utajibu nini?

mwl_Wete:
Ahsante sana maalim, hilo la tapa na mkeka nshalichukua.
Mzazi mwenzangu nakuelewa na swali lako ni la haki. Ila mie naona ya kwetu na ya kule havigombani. Mtoto akiambiwa tu "eleza kwenu" anaona hamna cha kueleza, kila mtu anakijua. Akisoma mtoto wa Samoa anaeleza kwao ndo anaanza kuona kuwa hata kwao kuna cha kuelezwa. Kila wanachosoma cha kule nataka waandike cha Pemba cha kuwekwa ubavuni mwake, na msewe utakuwemo, na mtepe utakuwemo. La ngoma ya Kimaori naomba wanaojua wanisaidie.

Mpemba_Auckland:
Nimefurahi mpaka nimeamua kuandika na mie kawaida nasoma tu humu. Nipo Auckland, Nyuzilandi, miaka mingi, majirani zangu Wasamoa na Watonga, watoto wangu wamesoma nao.

Hiyo ngoma inaitwa haka, na watu wengi wanadhani ni ya vita na ya mpira tu. Hapana, inafanywa kumpokea mgeni, kwenye mahafali, hata kwenye msiba, ni heshima kubwa. Ile maarufu ya kwenye raga, Ka Mate, aliitunga chifu Te Rauparaha wa ukoo wa Ngāti Toa kiasi cha mwaka 1820 alipookoka kuuliwa na maadui zake, na Nyuzilandi wametunga sheria mwaka 2014 kuutambua ukoo wake kuwa ndio wenye haka hiyo. Kwahiyo ushauri wangu mwalimu, usiwachezeshe watoto haka. Si kwa kuogopa wazazi peke yake, ni kwasababu ina wenyewe. Wasome habari yake, nani kaitunga, kwa sababu gani, inafanywa lini, kisha waandike kwa Kiingereza habari ya msewe wakimwelezea mwanafunzi wa Samoa ambae hajauona. Na chale zitaje kwa heshima kuwa kwao ni nasaba na daraja ya mtu, sie dini yetu haituruhusu, basi, mtoto anafahamu vizuri tu kuwa kujua si kufuata.

Na ukitaka kuwajibu wenzako ofisini waambie habari ya Ngā Manu Kōrero. Haya ni mashindano ya hotuba ya wanafunzi wa sekondari, yalianza mwaka 1965 kuwatia hima vijana wa Kimaori waseme Kiingereza kwa ufasaha, baadae ikaongezwa hotuba za Kimaori, na mpaka leo yapo kwa lugha zote mbili. Mtoto anasimama anasema habari za watu wake mwenyewe, na Kiingereza kinakua humo humo. Mie nimekwenda kuyasikiliza, wallahi unatokwa na machozi.

Kingine, usiwaweke wote kapu moja. Papua New Guinea peke yake ina lugha zaidi ya 800. Kila wiki taja kisiwa kwa jina lake, Tonga hawajatawaliwa kama Samoa ilivyotawaliwa, walibaki na mfalme wao wakati wote. Samoa wamepata uhuru 1962, mwaka mmoja tu kabla ya Zanzibar, hilo watoto watalipenda.

Kwa kusikiliza, itafute hotuba ya Simon Kofe, waziri wa Tuvalu, mwaka 2021 aliwatumia mkutano wa tabianchi wa Glasgow hotuba yake akiwa amesimama baharini, suti na tai, suruali kaikunja, maji yamefika magotini. Kiingereza chake ni cha taratibu na hakina maneno magumu. Wasikilize mara ya kwanza bila picha, waulize huyu mtu yuko wapi, kisha waoneshe picha.

maalim_Mwera:
Hiyo ya Kofe iunganishe na Kisiwa Panza hapo hapo Pemba mwalimu, maji ya chumvi yanavyoingia mashambani kule kila mtu anajua. Barua rasmi hiyo, mtoto wa Pemba anamwandikia waziri wa Tuvalu, anuani, salamu, lengo, kila kitu cha mtihani kimo humo humo na moyo wake umo.

Mpemba_Auckland:
Nimesahau kitu, kama unaanza Julai basi huku ni wakati wa Matariki, mwaka mpya wa Kimaori. Ni kishada cha nyota kinachotokeza mashariki kabla ya alfajiri, wazee walikuwa wakizitizama nyota zilivyong'aa wanajua mavuno ya mwaka yatakuwaje. Tangu 2022 ni sikukuu ya taifa nzima. Wapambanishe na Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Makunduchi, nao ni Julai.

baharia_Tumbe:
Nimepita tu humu, mie mvuvi lakini hizo nyota ulizozitaja nazijua, hichi si ndo kilimia? Kishada kidogo cha nyota, ukihesabu haraka unapata sita. Sie wazee wetu wakisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na walimaji wakikifuata. Julai alfajiri ukitoka baharini unakiona upande wa mashariki wazi kabisa kama hamna mawingu. Kumbe na wale nao wanakitizama!

Mwalimu hao watoto walete pwani alfajiri moja, wengi wao baba zao wavuvi lakini siku hizi kila mtu ana simu, njia ya nyota hawafunzwi. Mie na wenzangu tutawaonesha kilimia, na pepo za kusi na kaskazi zinavyobadilisha wimbi. Kiingereza hatuna, watatafsiri wao.

mwl_Wete:
Baharia umenimaliza kabisa, watatafsiri wao, hiyo ndo kazi ya kuzungumza niliokuwa sinayo! Watoto wanakuuliza kwa Kiswahili, wanarudi darasani wanaeleza kwa Kiingereza, na hamna kitabu kitakachowapa majibu ya kunakili.

Basi nimepanga hivi, naanza na kilimia na Matariki kwasababu ni wakati wake, kisha safari ya Hokule'a, katikati tapa na mikeka, haka na msewe wiki moja tu ya kusoma na kuandika, na mwisho Tuvalu na Kisiwa Panza ambayo nitaipa muda mrefu kuliko zote maana hapo kuna barua, kuna mdahalo na kuna hotuba. Mzazi wa Chake nakukaribisha siku ya hotuba, uje usikilize uone kama ya kwetu tumeyaacha.

Ndugu wa Auckland, ile hotuba ukiipata kwa sauti tupu nirushie, bando la video linanishinda. Na ukimpata mwalimu yoyote huko ambae wanafunzi wake watakubali kujibu barua za watoto wangu, hata tano tu, nambie.

mzazi_Chake:
Nitakuja inshallah. Na mtepe usisahau.

Mpemba_Auckland:
Sauti nakutumia leo usiku. Mwalimu wa barua nnae, ni Mtonga, mke wake anasomesha pamoja na mwanangu mkubwa. Nitamuuliza Jumatatu skuli zikifunguliwa.