Kutangaza mpira wa magongo redioni: mbinu za kudumu

Fundi_wa_Makupa: Salamu wakuu. Rick Jeanneret aliitangaza Buffalo Sabres, timu ya hoki ya barafu, tangu 1971 hadi 2022, misimu 51. Redio yetu ya mtandaoni inataka kurusha mechi za magongo pale Mombasa Sports Club. Mpira ni mdogo, kasi ni kali, wachezaji hubadilishwa mchezo ukiendelea. Mtangazaji hufanyaje asiachwe nyuma?

Kiungo_Mkabaji: Barafuni ni kugumu zaidi, ndugu yangu. Washambuliaji hucheza kama sekunde 45 tu kisha huwapisha wenzao, filimbi haijalia. Hapo huna muda wa kusaka jina kwenye karatasi. Andika vikosi kwenye kadibodi moja, upangilie kwa namba za jezi wala si kwa alfabeti, maana jicho huona namba kwanza. Kisha watazame wakipasha misuli, uwakariri kwa umbo na mwendo: mchezaji wa magongo huinama, namba ikafichika.

Kila sentensi ianze na mahali: "Kulia, mstari wa mita 23, nambari saba anao, anatafuta D." (D ni nusu duara iliyochorwa mbele ya goli.) Matokeo na dakika yataje kila baada ya dakika mbili. Aliyefungulia redio ndani ya matatu sasa hivi hajui lolote.

Mama_Magongo: Kona fupi, pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli, ndiyo huwaumbua wengi. Walinzi ni watano pamoja na kipa. Wenzao hurudi ng'ambo ya mstari wa kati. Wakati wanajipanga, taja nani anasukuma, nani anatuliza, nani anapiga. Na tafadhali usipige kelele za goli mapema! Mpira lazima utoke nje ya D kwanza, na pigo la kwanza likiwa la kugonga, lisivuke mstari wa goli juu ya kimo cha ubao wa nyuma ya goli, sentimita 46. Mtazame refa kabla ya kulipuka.

Fundi_wa_Makupa: Shukrani, mama. Na sauti je?

Kiungo_Mkabaji: Kusi likivuma maiki bila sponji ni bure. Iweke sentimita tano hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, "p" na "b" zisipasuke. Kiwango kipime kwa ukelele wa goli. Ukikipima kwa mazungumzo, goli litatoka likikwaruza. Mashabiki wape maiki yao. Koo nalo lichunge: usiseme kwa kilele robo zote nne, dakika 15 kila moja. Jeanneret alisifika kwa kulipuka goli likiingia. 2014 aligunduliwa saratani ya koo, akatibiwa, akarudi hewani.